Kadi ya mkopo na kiwango cha chini cha malipo: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Nilichukua kadi ya mkopo mwaka 2021, katika benki inayopitisha mshahara wangu wa ualimu hapa Mombasa, nikapewa kikomo cha shilingi 150,000. Miezi ya mwanzo sina la kulalamikia. Nilinunua mahitaji ya nyumbani supamaketini, nikalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, na kwa kuwa benki ilitoa hadi siku 50 bila riba, sikutozwa hata senti. Anayeweza kudumu katika hali hiyo ana huduma nzuri mkononi, na bado nasema hivyo.

Mambo yaliharibika Mei 2022, mjomba alipofariki. Nilitoa shilingi 20,000 taslimu kwenye ATM kwa ajili ya mazishi. Ada ilikuwa 5%, na juu ya ada hiyo ukaja ushuru wa 20%, kwa hiyo 1,200 zilikatwa papo hapo; riba nayo ikaanza kuhesabiwa siku ile ile, maana zile siku 50 hazihusu fedha taslimu. Mwezi uliofuata sikuweza kulipa lote, nikalipa kiwango cha chini, yaani 5% ya deni. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyenieleza siku ya kutia sahihi: ukibakiza deni, hata unachokinunua leo huanza kutozwa riba leo. Unga na sabuni za nyumbani kwangu zikawa zinanunuliwa kwa mkopo wa riba ya 3.5% kwa mwezi.

Januari 2023 deni lilikuwa limefika shilingi 120,000. Usiku mmoja nilikaa mezani na taarifa ya kadi, nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi. Malipo yangu: 6,000. Riba ya mwezi: 4,200. Kilichopunguza deni: 1,800 tu, na mwezi ule ule nilikuwa nimenunua vitu vya zaidi ya hizo. Nilimwita mke wangu aone. Tulinyamaza wote wawili kwa muda, kisha akauliza akiba yetu ya Sacco imefika wapi.

Ilikuwa 60,000, na Sacco yetu hukopesha mara tatu ya akiba kwa riba ya 1% kwa mwezi, inayokokotolewa juu ya salio linaloendelea kupungua. Niliomba 120,000 za kumaliza deni la kadi, nizilipe Sacco kwa miezi 18. Kuomba wadhamini kulinitia haya, nakiri, lakini mwenzangu wa idara ya hisabati aliniambia, "Mwalimu, sahihi nitakutilia, lakini hiyo kadi kwanza mpe shemeji aiweke." Nilifanya hivyo. Makato yalikuwa shilingi 7,300 na kidogo kila mwezi, moja kwa moja kutoka kwenye mshahara, na riba yote ya miezi 18 haikufika 12,000, wakati kadi ingenila 12,600 kwa miezi mitatu tu endapo deni lingebaki pale pale.

Sikuifunga kadi. Niliandika barua kikomo kishushwe hadi 30,000, jambo lililochukua wiki tatu na safari mbili za tawini, kisha nikaagiza deni lote likatwe kwenye akaunti yangu kila tarehe 28. Niliomba pia ripoti yangu ya ofisi ya taarifa za mikopo, ambayo kila Mkenya ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, ili nihakikishe kwamba deni la kadi limeandikwa kuwa limelipwa.

Kwa mwenye mshahara wa uhakika asiyetoa taslimu kwa kadi, naipendekeza huduma hii. Kasoro yake kubwa kwangu ni taarifa yenyewe: kiwango cha chini kimechapishwa kwa herufi nene juu kabisa, ilhali riba iliyotozwa iko ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo. Nimewaandikia mara mbili wapandishe riba ukurasa wa kwanza, na jibu bado sijapata.