Fender Rumble 40: Amplifaya Ndogo kwa Mpiga Besi wa Mtwara

Kwa misimu miwili ya harusi nimekuwa nikitumia amplifaya ya besi aina ya Fender Rumble 40 katika mazoezi, kanisani na kwenye sherehe za Mtwara Mjini, Mikindani na, kwa safari tatu, Masasi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wapiga besi wenzangu wa ridhaa, wale wanaofanya kazi nyingine kutwa na kupanda jukwaani Jumamosi usiku, ambao wakinunua kifaa kisichofaa hawana fedha ya kununua kingine mwaka huohuo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama wati 40 zinatosha ukumbini. Hazitoshi. Hata hivyo ninaamini kabisa kwamba hii ndiyo amplifaya ambayo mpiga besi wa ridhaa wa huku kusini anapaswa kuifikiria kwanza, na sababu yake imo nyuma ya boksi, si mbele kwenye spika.

Ni boksi moja lenye spika ya inchi 10, na uzito wake ni kilo 8 na ushei. Ina nobu nne za kurekebisha sauti, yaani besi, kati ya chini, kati ya juu na sauti kali, pamoja na vitufe vitatu vinavyobadilisha tabia ya sauti na sehemu ya kuikoroga sauti kwa wanaopenda mkwaruzo. Ina tundu la spika za masikioni, ambalo ukilitumia spika kubwa inanyamaza, na tundu la kuchomeka simu ili ufuatishe wimbo unaojifunza. Kwa hiyo ninaweza kufanya mazoezi saa tano usiku bila kumsumbua jirani. Nyuma kuna tundu la pini tatu, lile linaloingia kebo ya maikrofoni, la kupeleka sauti kwenye mikisa ya ukumbi, yaani mashine ya kuchanganyia sauti; njia hiyo mafundi huiita laini.

Uzito si jambo dogo kwetu. Mpiga besi asiye na gari husafiri na kifaa chake kwa bodaboda au bajaji, na amplifaya za zamani za mbao nzito zilihitaji watu wawili na nauli ya tatu. Hii naipakata kwenye bodaboda, gitaa likiwa mgongoni, kutoka Chikongola hadi Shangani bila taabu. Katika basi la Masasi naiweka miguuni badala ya kuikabidhi kwenye buti, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu spika ikigongwa na mzigo wa mtu mwingine huwezi kuona jeraha lake kwa macho, bali utalisikia siku ya shughuli.

Turudi kwenye wati, maana hapa ndipo wengi wanapotumia fedha vibaya. Mtu anayeona wati 40 hazitoshi hufikiri wati 80 zitakuwa na nguvu maradufu masikioni. Sikio halifanyi kazi hivyo. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, tofauti ambayo mcheza dansi aliye katikati ya ukumbi anaweza asiitambue. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takribani desibeli 10, yaani wati mara kumi, ambazo kwa hesabu ya amplifaya hii ni wati 400. Besi nayo inadai zaidi kuliko gitaa la solo. Uzi mnene kabisa wa gitaa la nyuzi nne, ule wa E, ukiwa wazi unatetema takribani mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Spika ya inchi 10 haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti hiyo katika ukumbi mkubwa. Unachokisikia zaidi kutoka kwenye spika ndogo ni mitetemo ya juu yake, ya mara 82 na mara 123 kwa sekunde, na ubongo ndio unaokukamilishia ile ya chini. Chumbani hilo linatosha na linapendeza, lakini penye watu mia tatu wanaocheza halitoshi.

Mara ya kwanza kuipeleka kwenye harusi sikuwa nimeyaelewa haya. Niliiweka kando ya ngoma na kufungua sauti hadi mwisho, na kufikia wimbo wa tatu spika ilikuwa inakwaruza kila nilipogusa uzi wa chini, huku walioketi nyuma wakisikia ngoma na gitaa la ridhimu peke yake. Fundi mitambo alipanda jukwaani katikati ya mapumziko akaniambia, “Kaka, hiyo ya jukwaani ni yako wewe na mpiga ngoma. Nipe laini, watu wa nyuma niachie mimi.” Nilikuwa na kebo ya maikrofoni kwenye begi, tukaichomeka, nikashusha sauti hadi robo tatu. Dakika chache baadaye besi ilikuwa inatoka kwenye spika kubwa za ukumbi, safi, na mimi nikawa najisikia vizuri kuliko nilipokuwa nimefungua yote.

Tangu siku hiyo nimeacha kuihukumu amplifaya ya besi kwa wati zake nikiwa katika mji ambao karibu kila shughuli ina mitambo ya kukodi. Kazi ya boksi la jukwaani ni kumwezesha mpigaji ajisikie, na mpiga ngoma amsikie, kwa sababu hao wawili wakipotezana bendi nzima inayumba. Kazi ya kuwafikia watu ni ya spika za ukumbini. Rumble 40 inafanya kazi ya kwanza vizuri na inatoa njia ya kufanya ya pili. Ndiyo maana sipendekezi kushuka hadi Rumble 25, ambayo ni nyepesi na nzuri kwa nyumbani, lakini haina hilo tundu la pini tatu.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia kuhusu laini hiyo. Kebo iwe yako mwenyewe na iwe ndefu, angalau mita 10, kwa kuwa kebo za kukodi hukatika ndani bila kuonekana. Mwombe fundi azime umeme wa volti 48 kwenye chaneli yako, ule unaotumika kwa maikrofoni za studio, kwani amplifaya haiuhitaji. Na kukiwa na mvumo usiokoma, bonyeza swichi ndogo iliyo karibu na tundu hilo, inayotenganisha ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ya laini, ambayo mara nyingi huumaliza mvumo mara moja. Kamwe usiumalize kwa kung'oa pini ya ethi kwenye plagi ya umeme, kama nilivyoona mwenzetu mmoja akifanya. Ethi ile ndiyo inayokulinda wewe uliyeshika nyuzi za chuma huku midomo ikigusa maikrofoni.

Sasa nobu. Kati ya vile vitufe vitatu, kimoja kinapunguza sauti za kati na kuacha chini na juu zikipanda. Ukiwa peke yako chumbani utakipenda, kwa sababu besi inakuwa nene na kali kama kwenye rekodi. Ukiwa na bendi kizime. Sauti za kati ndizo zinazomwezesha msikilizaji kutambua umepiga noti gani, na zikiondolewa kinachobaki ni ngurumo isiyo na jina. Jambo hili linatuhusu zaidi sisi wa Mtwara, kwa kuwa si ajabu sherehe ya jioni ikachanganya bendi na ngoma za asili, na wapiga sindimba wakiingia ukumbini ngoma kubwa inakalia sehemu ileile ya chini ambayo besi ilikuwa imeitegemea, wakati teke la ngoma za kizungu, yaani ile ngoma inayopigwa kwa mguu, nalo liko hapohapo. Mpiga besi asiyejua hujibu kwa kuongeza nobu ya besi, na anavyoiongeza ndivyo anavyozidi kupotea, maana anaingia kwenye msongamano na kuifanya spika ndogo ifanye kazi isiyoiweza. Mimi huiacha nobu ya besi katikati au chini yake kidogo, nikapandisha ile ya kati ya chini, nikaacha sauti kali ilivyo. Ngoma inabaki na tumbo lake, besi inapata koo lake, na ridhimu ikiingia kwenye sebene kila mmoja ana mahali pa kusimama. Kuwa na nobu mbili za kati badala ya moja, kwa amplifaya ya ukubwa huu, ndicho ninachokithamini zaidi baada ya laini.

Ule mkwaruzo uliomo ndani sijautumia shughulini hata mara moja, na kwa dansi na nyimbo za kwaya sioni haja yake.

Mahali pa kuiweka panabadilisha sauti kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa sakafuni kwenye kona ya kuta mbili, besi inavimba na kuvuma, hasa kwenye kumbi zetu za kuta za saruji na paa la bati. Ikiwa juu ya kiti cha mbao imara, uvumaji unapungua na sauti za kati zinafika kwenye masikio badala ya kuishia kwenye suruali. Kwenye shughuli ya wazi, kama zile za ufukweni Mikindani ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti, fanya kinyume: iweke chini na karibu na chochote kigumu kilicho nyuma yako, halafu itegemee laini kwa yote mengine.

Umeme na hewa ya bahari ndivyo vitakavyoamua maisha ya kifaa hiki hapa. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini amplifaya zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120, na mitumba ya aina hiyo huingia nchini. Soma maandishi ya nyuma, karibu na waya wa umeme, kabla hujachomeka. Ukiichomeka ya volti 120 moja kwa moja ukutani, huenda fedha yako ikaishia hapohapo. Kwenye jenereta ninatumia stabilaiza, na umeme ukikatika ninachomoa plagi kabisa hadi urudi na kutulia. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa, ndio wakati wa sherehe nyingi, na ndio pia joto linapopanda na mvua kukaribia. Hewa ya chumvi na unyevu huingia kwenye nobu na matundu, zikaanza kukwaruza unapozizungusha. Dawa yake ni kuifunika kwa kitambaa kikavu, si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu, na mara mbili kwa mwaka kupuliza dawa ya kusafishia viungio vya umeme. Gitaa lenyewe lifute kwa kitambaa cha pamba kila unapomaliza kupiga, chini ya kila uzi pia, la sivyo nyuzi zitashika kutu ndani ya wiki chache tu, na seti ya nyuzi za besi si rahisi kuipata hapa mjini.

Yuko ambaye amplifaya hii haimfai. Kama bendi yenu hupiga mahali pasipo na mitambo kabisa, kwenye baa ndogo au uwanja wa kijiji huko Tandahimba au Newala, ambako boksi lako ndilo kila kitu, basi vumilia hadi uweze kununua kubwa zaidi. Rumble 100 ina spika ya inchi 12 na uzito wa kilo 10 tu, ingawa nayo, kwa hesabu niliyoitoa juu, itakupandishia desibeli 4 tu na haitajaza uwanja. Na kama wewe hupiga kanisani peke yake, penye mikisa ya kudumu na spika ya kujisikilizia, huenda huhitaji amplifaya yoyote: kiboksi cha laini kama Behringer DI100, kinachotumia betri ya volti 9 au umeme wa mikisa wenyewe, kinatoshea kwenye begi na kitaifikisha besi yako salama.

Yangu nilinunua ikiwa imetumika, kwa shilingi 480,000, kwa mpigaji aliyekuwa anahama. Ukipata nafasi kama hiyo, nenda na gitaa lako na kebo zako mbili. Piga uzi wa E ukiwa wazi, kwa nguvu, sauti ikiwa imefunguliwa nusu, na sikiliza kama spika inapiga kelele kama karatasi. Zungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho ukiwa unapiga. Chomeka spika za masikioni uone kama ile kubwa inanyamaza. Kisha, hata kama mwenye nayo anaharakisha, mwombe mwende nayo hadi palipo na mikisa, kanisani au kwa fundi yeyote, mkaijaribu laini ya nyuma, kwa sababu tundu hilo likiwa limekufa, ulichobakiwa nacho ni boksi la chumbani, na bei yake inapaswa kushuka ifanane na hilo.