Vikoa kumi, seva moja: ununue nini Nairobi?

Tangazo likikuahidi "vikoa bila kikomo", usilipie neno hilo. Vikoa (majina ya tovuti kama mfano.co.ke) vyenyewe havilemei seva. Kivinjari kinapoomba ukurasa hutaja jina la tovuti, na kwa teknolojia ya SNI seva huchagua cheti cha https kinachofaa, kwa hiyo anwani moja ya IP hutosha vikoa hata mia. Kinachokwisha ni RAM na idadi ya faili unazoruhusiwa kuweka. Muulize muuzaji hayo mawili, kisha umuulize kama kila kikoa kina mtumiaji wake kwenye seva.

Kati ya njia nne, ya kwanza kwetu ni VPS (seva pepe unayokodi na kuiendesha mwenyewe) ya RAM GB 2, kwa mwenye tovuti kati ya tatu na kumi na tano na asiyeogopa kuandika amri. Piga hesabu hivi: mfumo na hifadhidata huchukua takriban MB 800, kwa hiyo inabaki GB 1.2. Mchakato mmoja wa PHP unaoendesha WordPress unaweza kula MB 80, basi kumi na tano ndio mwisho wako. Jumla ya pm.max_children (ukomo wa michakato ya PHP kwa kila tovuti) ya tovuti zote isipite hapo. Ukiiacha 50, siku ya wateja wengi RAM itajaa, na Linux huua anayekula zaidi, ambaye mara nyingi ni hifadhidata. Tovuti zote zitalala kwa mpigo, hata ile isiyokuwa na mgeni.

Kila kikoa kipe mtumiaji wake na faili lake ndani ya /etc/nginx/sites-available (nginx ndiyo programu inayotoa kurasa), uliunganishe na sites-enabled, upime kwa nginx -t, ndipo uandike systemctl reload nginx. Kosa linaloaibisha wengi liko hapa: jina lisilo na faili lake huangukia faili la kwanza kusomwa. Mteja wa vipuri vya Kirinyaga Road anafungua kikoa tanzu kipya (kama duka.mfano.co.ke) anakutana na nguo za Gikomba. Weka faili moja lenye default_server na return 444, likatae majina yasiyojulikana. Upande wa https ongeza ssl_reject_handshake on.

Kwa vikoa tanzu vingi, rekodi moja ya nyota (*) kwenye DNS, orodha inayoelekeza majina kwenye seva, hutosha. Cheti cha bure cha Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90, na cha *.mfano.co.ke hakifuniki mfano.co.ke chenyewe wala a.b.mfano.co.ke, omba majina yote unayohitaji. Cheti cha nyota hutolewa kwa rekodi ya TXT tu (maandishi unayoweka kwenye DNS), kwa hiyo DNS yako iwe na API (njia ya programu kuibadilisha yenyewe), la sivyo utakuwa ukiiandika kwa mkono kila kinapokaribia kuisha. Aliyekuuzia kikoa hana API? Kikoa kibaki kwake, DNS uihamishie Cloudflare bila malipo. Cheti kikikataa bila sababu, tafuta rekodi kuukuu ya AAAA (anwani ya IPv6) inayoelekea seva ya zamani.

Seva iwe wapi? Ombi kutoka Nairobi kwenda Ulaya na kurudi huchukua milisekunde 150 hivi. Ikiwa hapa hapa, kampuni za intaneti hubadilishana data KIXP, kituo cha Kenya cha kuunganisha mitandao, bila kuvuka bahari, na unalipa kwa M-Pesa kwa shilingi. Wasomaji wako wakiwa Kenya, nunua hapa, hata kama GB ni chache kwa bei ile ile.

Ya pili ni akaunti ya kuuza upya (unanunua nafasi na kuwagawia wateja), inayomfaa anayetengenezea wateja tovuti. Kila mteja anapata cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) yake na nywila yake. Tangu 2019 cPanel hutoza kwa idadi ya akaunti, basi linganisha idadi hiyo kabla ya kushangilia GB za diski.

Upangishaji wa pamoja, yaani akaunti moja kwenye seva ya watu wengi, ni wa tatu. Vikoa vya nyongeza hukaa chini ya mtumiaji mmoja, hivyo programu-jalizi moja iliyodukuliwa huambukiza tovuti zote. Faili nazo huisha upesi: WordPress moja ina maelfu, na kila barua pepe iliyohifadhiwa huhesabiwa. Tovuti zako mbili ndogo, sawa. Za wateja, hapana.

Kompyuta ya ofisini ni ya mwisho kabisa. Stima ikipotea, vikoa vyote vimepotea, na intaneti nyingi za nyumbani hazina IP ya hadharani.

Barua pepe zinunue kando. Wauzaji wengi wa VPS hufunga bandari 25 inayotumika kutuma barua pepe, na hata ikifunguliwa, IP mpya huishia kwenye taka za Gmail. Lipia mwezi mmoja kwanza, rudisha tovuti moja kutoka kwenye nakala rudufu huku unaangalia saa, ndipo ulipie mwaka.