Mafundi wa kompyuta wa ghorofani Rwagasore, Mwanza: wanapima kwanza ndo wanabadilisha kifaa

Kama uko Mwanza na kazi yako ni kuandika programu kwenye dekstopu, hawa mafundi wa mtaa wa Rwagasore nawapa nyota nne na nusu, hiyo nusu ilipopungua ntaeleza. Hawana bango la maana, ni chumba kimoja juu, ukifika ulizia mafundi wa kompyuta wa ghorofani utaonyeshwa. Wako wawili, kaka mmoja wa vyuma na dada mmoja wa programu, na hapo ndo penyewe, maana mafundi wa kubadilisha skrini na kupiga Windows mjini wamejaa, ila fundi unayemwambia emuleta (ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) haiwaki au Git (ya kutunza na kuvuta kodi) inakataa cheti (kitambulisho cha tovuti) akakuelewa hapohapo ni wa kutafuta.

Mashine yangu ni mtumba, prosesa ni Intel i5 ya kizazi cha 6, ramu GB 16 za DDR4 vipande viwili, ina Windows 10 na Ubuntu, yani Linux, pembeni. Ilianza visa. Kila umeme ukikatika, ukirudi nikiwasha tarehe imerudi miaka kibao nyuma, Git inagoma kuvuta kazi inasema cheti bado hakijaanza kutumika, emuleta ya Android Studio haitaki, Docker (ya kuendesha programu kila moja kwenye boksi lake) haitaki, afu Gradle, ile inayogeuza kodi kuwa programu, nayo ikiwa katikati ya kubildi inakufa ghafla, leo hapa kesho pale. Fundi mwingine mjini, simtaji, aliiangalia kwa nje akasema mazabodi, yani ubao mkuu, imeisha niandae laki mbili na nusu. Kifuniko hakukigusa.

Pale Rwagasore yule dada alisalimia kwa Kisukuma, akasema, "Kaka, kabla hatujafungua chochote, iwashe tuione inavyolalamika yenyewe." Hilo tu likanipa moyo. Kaka mwenzake akachomoa waya ukutani, akasubiri kidogo, akarudisha, tukaangalia wote. Tarehe imeruka nyuma na ndani ya BIOS, zile setingi za mazabodi yenyewe, kila kitu kimerudi vile kilivyotoka kiwandani. Akakatoa kale kabetri ka CR2032 akakapima kwa mita, kanatakiwa kawe na volti 3, kalikuwa kameshuka chini ya 2.

Sasa sikia walivyonielewesha maana hii nataka kila mwenye dekstopu ya mtumba aijue. Mashine ikiwa imechomekwa, hata ukiizima, powa saplai inaendelea kuilisha saa ya ndani kidogokidogo, kwahiyo betri mbovu huwezi kuiona. Umeme ukikatika ndo betri inatakiwa ibebe saa peke yake, haiwezi, saa inapotea na setingi za BIOS mara nyingi zinapotea nayo. Kwenye mashine yangu setingi ya kiwandani ya vachualaizesheni (uwezo wa kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) ni kuzimwa, na bila hiyo WSL2, ile Linux inayokaa ndani ya Windows, haiwaki, Docker inayoitegemea haiwaki, emuleta nayo inakataa. Upande wa Git, cheti cha HTTPS kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, mashine inayodhani bado tuko miaka ya nyuma lazima ikikatae. Yani karibu matatizo yote niliyoenda nayo yalitoka kwenye betri ya buku mbili, na mtu alishanipigia hesabu ya mazabodi nzima!

Ila Gradle kufa ovyo hakukuwa kwa betri, na hapa ndo nilipowakubali zaidi. Dada aliingia kwenye folda ya mradi akatafuta mafaili yanayoanza na hs_err_pid, ndo yale Java inayaacha ikianguka vibaya, akayafungua kadhaa akayaweka pembeni kwa pembeni. Kila moja limeangukia sehemu yake, moja kwenye kutafsiri kodi ya lugha ya Kotlin, jingine wakati Java inasafisha memori yake, jingine kwingine kabisa. Akasema kosa la programu kwa kawaida linarudi palepale, likianza kuhamahama shuku ramu au joto. Joto wakalimaliza kwanza, walifungua feni imejaa vumbi na mabaki ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaovamia taa usiku, nyie wa Kirumba na Igogo mnawajua, wakasafisha, wakapaka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa, wakabildi huku wanaangalia nyuzi. Joto likawa zuri, Gradle ikafa tena. Basi wakaweka Memtest86+, programu ya kupima ramu, kwenye flashi wakaiacha ifanye kazi usiku kucha, asubuhi skrini ina mistari myekundu ya makosa. Hawakukimbilia kuuza. Walichomoa vipande vyote viwili vya ramu, wakafuta miguu ya shaba kwa kifutio, wakapima kimoja kimoja, afu kile kibovu wakakihamishia kwenye sloti ya mwenzake kuhakikisha siyo sloti yenyewe. Kosa likakifuata kipande kilekile. Ramu ya mtumba ya GB 8 elfu 50, na kile kibovu wakanirudishia mkononi.

Bei zao: kupima elfu 10 na ukitengeneza palepale inaingia kwenye bili, kusafisha na pesti elfu 15, setapu ya zana za programu elfu 30. Hiyo ya mwisho watu watasema ghali. Mi nasema siyo ghali, ngoja nikwambie wanafanya nini.

Kwanza wanakaa na wewe, hawachukui mashine wakakuletea imeshatengenezwa hujui kilichofanyika. Dada aliona miradi yangu naiendesha kutoka WSL lakini mafaili yenyewe yako upande wa Windows, kwenye /mnt/c, akaihamishia kwenye folda ya nyumbani ya Linux yenyewe. Kuvuka kutoka Linux kwenda diski ya Windows kwa kila faili dogo ni mzigo mkubwa, na mradi wa JavaScript una mafaili madogo maelfu kwa maelfu, tofauti nilihisi siku hiyohiyo. Akaweka faili la setingi la .wslconfig kuibana WSL isinyonye ramu yote Android Studio ikabaki inahema. Akarekebisha JAVA_HOME, setingi inayosema Java iko wapi, iliyokuwa inaelekeza Java ya zamani. Kwenye Git akabadilisha kutoka HTTPS kwenda funguo za SSH (faili la siri linalokutambulisha badala ya nywila), maana GitHub, tovuti ninakoweka kodi, nywila ya kawaida kwenye Git waliikataa tangu Agosti 2021, na akanionyesha njia ya kupitia ssh.github.com kwa poti 443 kwa sababu kuna waifai za hapa mjini zimefunga poti 22, mlango wa kawaida wa SSH, na ukiwa nazo unaweza kudhani funguo yako ni mbovu.

Kuna mradi wangu mmoja Git ilikuwa inasema faili la kitu fulani ndani ya .git ni tupu, hiyo inatokea umeme ukikatika katikati ya kuandika. Alikopi folda nzima kwanza pembeni, ndo akafuta yale mafaili matupu, akavuta upya kutoka GitHub. Kukopi kwanza! Nimeona mafundi wengi wanaoanza kufuta.

Na ile ya saa kuruka masaa 3 kila nikitoka Ubuntu kwenda Windows hata kama intaneti ipo, nayo akaimaliza. Linux inaihesabu saa ya ndani ya mashine kuwa ni UTC, saa ya kimataifa, Windows inaihesabu ni saa ya hapa kwetu, na sisi tuko UTC+3, kwahiyo kila mmoja akiirekebisha mwenzake anapotea. Akaielekeza Windows nayo isome UTC, kwisha.

Kitu kingine nilichopenda wanafikiria bando. Walikuwa na nakala za SDK (vifurushi vya zana za kutengenezea programu) na vitu vikubwa kwenye diski yao ya nje, wakanikopia badala ya kunimalizia GB zangu, wakanifundisha Gradle ukiiongezea --offline inatumia ilivyokwisha kushusha bila kugusa mtandao. Kwa mtu anayetegemea hotspoti ya simu kule Nyegezi au Malimbe hiyo siyo kitu kidogo, wanafunzi wa chuo cha SAUT mnanielewa.

Kuhusu Windows walinambia ukweli. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na prosesa ya kizazi cha 6 haipo kwenye orodha ya Windows 11, kwa Intel orodha inaanzia kizazi cha 8 ukiacha chache za kizazi cha 7. Kuna njia za kulazimisha, wanazijua, ila walisema kwa mashine ya kazi wao hawashauri, bora kazi nyingi nizihamishie Ubuntu 24.04 ambayo matunzo yake ya kawaida yanaenda hadi 2029. Wangeweza kunipigia Windows 11 wakachukua hela wakanyamaza.

Waliongelea pia UPS, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Mi nina stabilaiza nikawa najiona niko salama, wakanielekeza kwamba stabilaiza inasawazisha umeme ukipanda na kushuka tu, ukikatika nayo imekatika, haikupi hata dakika ya kuhifadhi kazi. Hawauzi UPS, kwahiyo ushauri huo hawakuwa na cha kupata.

Nusu nyota imepotelea wapi. Hawana haraka, mashine ya kupimwa ramu inalala kwao na ukiwapigia kuharakisha wanakujibu kwa upole lakini haiharakishwi. Risiti wanakupa ya pesa tu, hawaandiki walichobadilisha, na kwa kazi ya setingi nyingi hivyo nilitegemea hata karatasi moja ya nini kimeguswa wapi, mimi niliandika mwenyewe kwenye simu. Dhamana ya ramu ya mtumba ni wiki mbili, naona ni fupi, angalau mwezi. Na dada wa programu anaingia kuanzia saa nane mchana, ukienda asubuhi na tatizo la Docker utakaa kwenye benchi.

Ukienda beba CPU peke yake, yani boksi lenyewe, skrini na kibodi wanazo, ile ngazi ni nyembamba kwahiyo mwambie bodaboda akusaidie kupandisha. Usiwaachie nywila zako, hata hawaziombi, za GitHub unaandika mwenyewe wao wakiwa wamegeuka. Nenda na makosa uliyoyapiga picha kwenye simu, hasa yale yanayotokea mara mojamoja. Jumapili wamefunga.