Sosimapu kwenye Chrome na Firefox: nilivyoiona nikitunza tovuti za utalii Arusha

Anayetunza tovuti ya utalii hapa Arusha, mteja yuko Marekani na yeye yuko Njiro, asikubali kujenga toleo lolote bila sosimapu (source map), yaani ramani ya msimbo. Hainunuliwi. Ni faili la JSON, yaani la data iliyoandikwa kama maandishi, linalotengenezwa pamoja na tovuti, linaloeleza kila kipande cha msimbo uliobanwa kimetoka faili gani la asili, mstari upi na herufi ya ngapi.

Kubana msimbo ni lazima, hilo silibishii. Mwongozaji anayefungua ratiba ya wageni kwa simu pale geti la Machame anatumia bando lake mwenyewe. Kwa hiyo nafasi zinaondolewa, mafaili yanaunganishwa kuwa moja, na jina kama tareheYaKuanza linabaki herufi t. Ramani yenyewe haimgusi mwongozaji huyo, kwani kivinjari hakiipakui mpaka mtu afungue zana za wasanidi. Shida inakuja siku ya hitilafu, unapoambiwa kosa liko mstari wa 1, safu ya 48213.

Kampuni ninayoihudumia inapandisha wageni Kilimanjaro. Mama mmoja wa Colorado alichagua kuanza safari tarehe 24 Desemba, tovuti ikamwonyesha 23. Ofisini kila tukijaribu, tunaona 24. Dada wa uhifadhi akanipigia: "Kaka, mgeni anasema sisi ndio tumemhamishia tarehe. Nimjibu nini?"

Nikafungua tovuti kwenye Chrome, nikaenda paneli ya Sensors, inayokifanya kivinjari kijione kiko mahali pengine, na kuweka majira ya America/Denver, yaani ya Colorado. Tarehe 23 ikatokea palepale. Hapo ndipo sosimapu ilipoonyesha thamani yake. Badala ya ule mstari mmoja usio na mwisho, paneli ya Sources ilinipangia mafaili yote kama yalivyoandikwa, hadi maoni ya Kiswahili ya fundi aliyenitangulia. Nikaweka brekipointi, alama ya kuusimamisha msimbo, ndani ya tarehe.ts, nikabofya kalenda, msimbo ukasimama kwenye new Date("2025-12-24").

JavaScript inaisoma tarehe iliyoandikwa hivyo, bila saa, kuwa ni usiku wa manane kwa saa za UTC, majira ya kimataifa. Kwa Arusha hiyo ni saa tisa usiku, bado tarehe 24. Kwa Denver wakati wa baridi ni saa kumi na moja jioni ya tarehe 23. Ndiyo maana hakuna mtu wa ofisini angeweza kuiona hitilafu hii hata angekesha nayo. Nilirekebisha mstari mmoja, mwaka, mwezi na siku vikasomwa kila kimoja peke yake, na dada akapata la kumjibu mgeni.

Kwa kazi ya namna hiyo vivinjari vyote viwili nimeviamini. Firefox naipenda kwa kisanduku chake cha kurudisha majina ya asili ya vigezo (majina yanayobeba thamani, kama tareheYaKuanza), ingawa kwenye faili kubwa kinachukua muda. Chrome ina Sensors, na kwa tovuti za wageni wa ng'ambo hiyo inatosha kuifanya iwe ya kwanza kwangu. Udhaifu wao ni mmoja: kibanaji kama Terser au esbuild kikishafuta kigezo na kuweka thamani yake moja kwa moja, ramani haiwezi kukirudisha. Unaliona jina kwenye msimbo, ukiliuliza halipo. Sogeza brekipointi mstari wa juu au wa chini, usihangaike nalo.

Jambo linaloniuma ni ramani kuachwa wazi kwenye seva. Sehemu yake iitwayo sourcesContent mara nyingi hubeba msimbo wa asili mzima. Nilifuatwa na mwenye hoteli wa Moshi ambaye fundi wake alikuwa ameondoka na kila kitu. Nikaikuta ramani kwenye seva, nikamtolea mafaili yake yote, maoni na majina kamili. Yeye alifurahi. Mimi nilifikiria ni nani mwingine aliyekwisha kuyachukua.

Ukijengea tovuti kwa zana ya Vite, weka build.sourcemap kuwa 'hidden'; kwa Webpack weka hidden-source-map. Ramani itatengenezwa, ila mstari wa sourceMappingURL, unaokielekeza kivinjari ramani ilipo, hautaandikwa mwishoni mwa msimbo. Kisha usiipandishe seva, ibaki kwako. Ukiihitaji, bofya kitufe cha kulia ndani ya faili lililobanwa kwenye Chrome, chagua Add source map, andika mahali ilipo. Muundo wa ramani hizi, toleo la 3, umetumika tangu 2011, na Desemba 2024 shirika la viwango la Ecma International likaupitisha kuwa kiwango rasmi, ECMA-426, kwa hiyo ramani iliyotoka Vite inasomeka Firefox sawasawa na Chrome.

Ila ramani iwe ya toleo lilelile lililo hewani. Ukiweka ya zamani juu ya msimbo mpya, huenda usipewe onyo lolote. Utapelekwa mstari usiohusika na utausoma hadi jioni. Mimi kila toleo nalihifadhia folda yake, yenye jina la tarehe lilipopandishwa.