Uzoefu wangu na Proxmox kwenye seva ya mtumba: chumba cha mwenye nyumba hakifunguliwi

Nina miezi minane na Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja), hapa Mwanga, Kigoma. Inakaa kwenye seva moja ya mtumba niliyoagiza Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi imeviringishwa kwenye godoro. Mteja wangu ni mama anayefanya biashara ya dagaa na mawese, stoo iko Kibirizi na ofisi iko huku juu. Hesabu zake zilikuwa zimetapakaa kwenye kompyuta tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa zinazima zenyewe. Nikamwambia tununue seva moja nzuri tuweke ndani yake mashine pepe tatu: Windows ya uhasibu, Linux ya kutunza mafaili, na ya tatu iwe ruta ya kuchuja kinachoingia na kutoka.

Proxmox yenyewe sina ugomvi nayo. Unaisakinisha kwa muda mfupi, hailazimishi malipo, na kila kitu unakiendesha kwenye kivinjari. Chini yake kuna Debian, ambayo ni aina ya Linux, na KVM, sehemu inayoendesha mashine pepe, na KVM imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, kwa hiyo si kitu cha kubahatisha. Bakapu zake zimeshaniokoa mara mbili umeme ulipokatika ghafla. Ninaloandikia leo ni jambo ambalo sikulikuta limeelezwa kwa Kiswahili popote, na lilinila usiku tatu.

Ruta nilitaka niikabidhi kadi nzima ya mtandao, ile ya milango minne, iishike moja kwa moja bila kupita kwa mashine mwenyeji, yaani Proxmox yenyewe. Kwenye BIOS nikawasha VT-d, uwezo wa Intel wa kukabidhi vifaa kwa mashine pepe, nikaongeza intel_iommu=on kwenye grub, mipangilio ya kuwashia Linux, nikazima na kuwasha. Nikabonyeza kuanzisha ile mashine pepe, ikagoma. Ujumbe ukasema kitendo hakiruhusiwi. Mimi ndiye root, mwenye mamlaka yote, sasa nani tena ananinyima ruhusa? Nilisakinisha upya, nikabadilisha nafasi ya kadi, nikasakinisha tena. Usiku wa tatu ndipo nikakaa nikasoma dmesg, yaani ujumbe wa kerneli, mstari kwa mstari, na jibu lilikuwa pale tangu siku ya kwanza: kerneli ilisema kifaa hiki hakistahili kukabidhiwa kwa sababu ya RMRR, wasiliana na aliyetengeneza mashine yako.

RMRR ni nini? Kompyuta inapowaka, femwea, programu iliyomo ndani ya ubao wake, ndiyo inayoamka kwanza, kabla ya Linux au Windows. Inapanga kumbukumbu, kisha inaikabidhi kerneli ramani: hapa patumike, hapa pametengwa. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba amebakiza chumba kimoja, ameweka vitu vyake na ufunguo anao yeye. Mpangaji analipia vyumba vingine na hicho hakigusi. RMRR inakwenda mbali zaidi. Hapo femwea inasema: kuna kifaa fulani, kadi yako hii, ambacho nacho kina ufunguo wa chumba hicho, na lazima kiendelee kukifikia kwa anwani ileile, bila kubadilishwa. Kwenye seva nyingi sababu ni kwamba chipu ya usimamizi inataka kupata habari za kadi, kama joto lake, bila kuuliza mfumo endeshi.

Sasa ikabidhi kadi hiyo kwa mashine pepe uone. Mashine pepe ina anwani zake za kumbukumbu, zinaanza sifuri kama ilivyo kwa kompyuta yoyote, na IOMMU (kwa Intel ndiyo hiyo VT-d) ndiyo inayozitafsiri ili kadi iandike mahali sahihi ndani ya RAM halisi. Lakini anwani ambayo femwea imeiahidi kadi, ndani ya mashine pepe inaweza kuwa RAM ya kawaida, pengine ndipo lilipo daftari la mauzo ya leo. Kadi ikiendelea kuandika huko kwa mazoea yake ya zamani, inachafua kumbukumbu ya mashine pepe kimyakimya. Na ukiiacha anwani hiyo ielekee chumba halisi cha femwea, basi mashine pepe imepewa mlango wa kuingia mahali ambapo hata mwenyeji haruhusiwi. Njia zote mbili ni mbaya. Ndiyo maana mwaka 2014 Alex Williamson, mtunzaji wa VFIO, sehemu ya kerneli inayokabidhi vifaa kwa mashine pepe, aliweka kizuizi hicho kwenye kerneli: kifaa chenye RMRR hakikabidhiwi.

Kuna kiraka cha watu cha kulegeza kizuizi hicho, nacho kinafanya kazi kwa wengi. Kwa majaribio ya nyumbani sina neno. Kwa hesabu za mama wa watu sikukubali. Kosa la kumbukumbu halipigi kelele. Unaliona mwezi wa tatu jumla ya mapipa ya mawese ilipokataa kulingana, na hapo hujui pa kuanzia.

Lawama zangu naziweka kwa kampuni iliyotengeneza seva. Wengine wanaweka sehemu kwenye mipangilio ya kuiondolea kadi mojamoja ulazima huo. Yangu haina. Nilipakua femwea mpya kabisa iliyopatikana, hali ikabaki ileile. Kutenga kumbukumbu ni haki yao, ila kuifunga kadi ya mtandao ya kawaida kwenye chumba hicho bila kumpa mnunuzi njia ya kuifungua, hapana.

Baada ya hapo nikapata hamu ya kuangalia ramani kwa macho yangu. Ingia kwenye mashine pepe ya Linux, ya GB 4, andika dmesg ukitafuta e820, jina la ramani hiyo ya kumbukumbu. Hata mashine pepe ina chumba cha mwenye nyumba! Kilobaiti 1 imetengwa chini kidogo ya mpaka wa kilobaiti 640. Kuanzia anwani f0000 hadi fffff kuna kilobaiti 64 za BIOS. Na kwenye yangu, yenye prosesa ya Intel, kuna kijisehemu cha kilobaiti 16 kinachoanzia feffc000, ambacho KVM inakitumia kwa shughuli zake. RAM yenyewe imekatwa vipande viwili: GB 3 chini, na GB 1 imerukishwa hadi juu ya mpaka wa GB 4, ili katikati pabaki nafasi ya anwani za vifaa. Kerneli ya ndani inasoma ramani hii na kuitii kama ilivyotii ile ya chuma halisi. Tena haiiamini kupita kiasi: tangu toleo la 5.13 la mwaka 2021, kwenye x86 inajitengea megabaiti 1 ya kwanza yote, kwa kuwa BIOS nyingine zilizoea kuandika huko baada ya kusema ni huru.

Printa ya risiti ilinipa raha. Niliikabidhi Windows kidhibiti kizima cha USB, nacho kilikuwa na RMRR. Nilijua kitagoma. Kikakubali. Nilipofungua faili la reserved_regions la kundi lake chini ya /sys/kernel/iommu_groups, palipotakiwa kuwa na neno direct (lazima anwani ileile) palikuwa na direct-relaxable (ulazima unaoweza kulegezwa). Kerneli inajua kwamba femwea huitumia USB kwa kibodi kabla mfumo haujawaka, basi, na ikishawaka haina shida nayo tena. Kwa hiyo inatofautisha chumba ambacho bado kina mtu na kile kilichokwisha hamwa. Hapo ndipo niliposadiki kwamba kile kizuizi kiliwekwa na watu waliofikiri.

Ukienda kununua seva ya mtumba kwa kazi kama hii, nenda na flashi yenye Linux. Washa VT-d, ongeza intel_iommu=on, kisha tafuta RMRR kwenye dmesg na usome hayo mafaili ya reserved_regions. Mstari wa fee00000 hadi feefffff wenye neno msi usikutishe, huo ni wa kawaida. Kadi unayoitaka ikiwa na direct tupu, punguza bei au ondoka. Muuzaji akikuzuia kuwasha mashine, ondoka pia.

Proxmox naipa nyota tano. Seva naipa mbili.

Juzi mama akaniuliza, "Fundi, ile kadi niliyoilipia inafanya kazi au imekaa tu?" Nikamwambia inafanya kazi mama, mwenyeji ndiye ameishika na ruta inapita humo kwa daraja la virtio, yaani kadi ya mtandao ya kiprogramu. Kwa intaneti tuliyonayo hapa hakuna tofauti ambayo nimeweza kuipima. Akaitikia kwa kichwa, akanirudisha kwenye printa, karatasi ilikuwa imeisha.