Protini za ribosomu: ya bakteria na ya binadamu

Ribosomu ni karakana ya seli: husoma maagizo ya jeni na kuunganisha amino asidi kuwa protini. Yenyewe imejengwa kwa RNA (molekuli iliyo ndugu ya DNA) na protini, ila ya bakteria na ya binadamu hazilingani.

Ya bakteria E. coli ina protini 54, yaani 21 katika kipande kidogo na 33 katika kikubwa, pamoja na RNA 3. Ya binadamu ni kubwa zaidi: protini 80 na RNA 4.

Kwangu mimi, tofauti yenye uzito iko wodini. Streptomaisini, dawa ya kupambana na bakteria, hunasa kwenye kipande kidogo cha ribosomu ya bakteria wa kifua kikuu na kuvuruga usomaji wake, huku ribosomu kuu za mgonjwa zikiguswa kidogo sana. Hapo protini moja tu, S12, yaweza kugeuza mambo: amino asidi yake moja ikibadilika, bakteria huwa sugu na dawa haifui dafu. Inatisha kwamba kitu kidogo hivyo chaamua uhai wa mtu.

Kwa binadamu, kasoro ya protini hizi huja kwa sura nyingine. Jeni ya protini iitwayo RPS19 ikiharibika, mtoto anaweza kupata upungufu wa damu wa Diamond-Blackfan, uboho ukashindwa kutengeneza chembe nyekundu za kutosha.

Kwa zote mbili, kazi yenyewe ya kuunganisha amino asidi hufanywa na RNA. Protini huishikilia isiyumbe.