Masomo ya Likizo ya Hisabati Ntinda: Hapa Swali ni "Kwa Nini?"

Likizo hii nilimpeleka binti yangu wa kidato cha tatu katika kituo kidogo cha masomo ya ziada huko Ntinda, Kampala, kwa kuwa mtihani wa UCE, yaani mtihani wa taifa wa kidato cha nne nchini Uganda, ambao tangu 2024 unafuata mtaala mpya wa umilisi, haukabiliwi tena kwa kukariri kanuni pekee. Kilichonivutia zaidi ni namna mwalimu anavyouliza. Aliwapa swali la viatu vya shilingi 50,000 vilivyopandishwa bei kwa asilimia 20, kisha vikapunguzwa kwa asilimia 20. Karibu wote walisema bei imerudi palepale, naye, badala ya kuwasahihisha, akawataka wathibitishe, hadi binti yangu, ambaye shuleni hajawahi kunyoosha mkono, alipoeleza ubaoni kwamba asilimia ya pili inakatwa kwenye 60,000, hivyo zinabaki 48,000. Nyumbani alinieleza tena, bila kuombwa! Kosa hapa huchunguzwa, halichekwi, na naamini ujasiri wake umetoka hapo. Ada ni nafuu. Hata hivyo, wanafunzi 30 katika chumba kimoja ni wengi mno kwa ufundishaji wa aina hii. Ningependa wagawanywe katika makundi mawili.